Magunia Themanini ya Mteke

Baba yangu alishindwa zabuni mbili kabla ya kuipata ile ya mahindi. Mara nyingi nimewaza: laiti na ya tatu ingempita.

Jina lake lilikuwa Anaeli Mchome, mtu wa Ivuga, kijiji kilicho katikati ya mlima, nusu ya njia ukitoka Same kwenda Mteke. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Aliyemlea ni dada yake Dorkas, ambaye naye alikuwa mtoto wa miaka tisa tu. Dorkas ndiye aliyembeba mgongoni akienda ndivani, kwenye bwawa la kumwagilia mashamba, akafua nguo huku mdogo wake amelala mgongoni. Ndiye aliyempikia makande, ndiye aliyemshonea kaptura ya shule kutoka gauni la marehemu mama yao. Alipofikia umri wa kuolewa, akaja kijana wa jirani aliyeitwa Eliufoo kumposa. Dorkas akamwambia, "Ukinitaka, subiri Anaeli amalize darasa la nne." Eliufoo akasubiri miaka miwili. Baba alipenda sana kutusimulia hilo, na kila mara alicheka na kusema, "Shemeji yangu hakumsubiri mchumba. Alinisubiri mimi."

Alipomaliza hilo darasa la nne alishuka nyika, akaandikwa kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Makanya. Alianza kwa kubeba mafungu ya majani, akawa utingo wa lori, mwisho akawa dereva. Huko ndiko alikokutana na Ernest, Muha wa Kasulu aliyeletwa na treni kama manamba, kibarua wa mkataba, na hakurudi tena kwao. Ernest alimzidi umri baba yangu kwa miaka kama kumi na tano, lakini walishikana kama ndugu wa tumbo moja. Mwaka wa Uhuru baba alimwoa mama yangu, Esta, binti wa Mbaga aliyesoma kwa wamisionari mpaka darasa la nane. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, wakaniita Rahabu.

Bei ya mkonge ilipoanguka na shamba likapunguza watu, baba alipata kiinua mgongo chake. Aliongezea na fedha ya kahawa aliyopewa na Dorkas na Eliufoo, akanunua lori kuukuu la Bedford. Ernest akaja nalo kama sehemu ya vyuma vyake. Wakawa wanabeba ndizi, mbao na tangawizi kuteremsha Same, na kupandisha chumvi, mabati na mafuta ya taa.

Zilikuwa siku za Azimio la Arusha. Mwenye lori lake mwenyewe alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kijana mmoja wa chama alimwambia baba mbele ya watu kwamba anaelekea ubepari. Baba alimjibu kwamba bepari gani anayelala chini ya gari lake na spana mkononi. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni, na nadhani ndiyo yaliyomtia hamu ya kufanya kazi ya serikali. Alitaka lori lake liitumikie nchi, na watu walione likiitumikia.

Ile zabuni ya kwanza aliiona mwaka sitini na tisa, imebandikwa kwenye ubao nje ya boma la Same. Serikali ilitafuta mtu wa kupandisha saruji ya kujengea zahanati. Baba alichana karatasi ya daftari langu la shule, akaandika kwa mkono wake: "Nitabeba saruji yote kwa shilingi mia nane, na mimi ni mtu mwaminifu, waulizeni watu wa Ivuga." Akaikunja, akaipeleka mkononi. Siku ya kufungua bahasha, karani wa zabuni aliisoma kwa sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Karani huyo aliitwa Lukasi, mtu wa Shighatini kule Ugweno, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye hakucheka. Kikao kilipokwisha alimfuata baba nje.

"Ndugu Anaeli," alimwambia, "serikali haiwezi kwenda Ivuga kumuuliza kila mtu. Inachokiona ni karatasi. Leseni yako iko wapi? Bima ya gari? Bei ya tani moja kwa kila maili iko wapi? Na bahasha hufungwa, ikatumbukizwa kwenye sanduku. Hapewi mtu mkononi."

Mara ya pili, mwaka sabini na moja, karatasi zote zilikuwamo, mama ameziandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Ilikuwa zabuni ya mbao za madawati. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wote, naye alikuwa na hakika ameshinda. Wakamkataa. Baba alikwenda kwa Lukasi amekasirika.

"Umehesabu dizeli ya kupanda," Lukasi alisema. "Ya kushuka umeihesabu?"

Baba akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Na matairi? Na siku ambazo mto umejaa? Kamati imeona kwamba mtu wa bei hii ataliacha gari njiani mwezi wa pili, na watoto watakaa chini. Bei ndogo nayo inatisha, ndugu yangu. Nenda ukapande kila barabara unayotaka kuiombea kazi. Uihesabu wewe mwenyewe."

Baba akafanya hivyo. Kwa miaka miwili na zaidi, kila safari aliyokwenda aliandika kwenye daftari la mraba: kutoka Same hadi Mwembe lita ngapi, kutoka Mwembe hadi Ivuga ngapi, kona gani inahitaji gia ya kwanza ukiwa na mzigo, kijito gani hakipitiki baada ya mvua ya saa mbili. Ernest alimtania kwamba anaandika Agano la tatu. Nakumbuka baba akiwa mezani jioni anamwuliza mama, "Mama Rahabu, tairi moja nikiligawa kwa maili elfu kumi na mbili, inakuja senti ngapi?" Na mama anamhesabia huku anachambua mboga.

Kisha ikaja njaa ya mwaka sabini na nne. Mvua ya masika ilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa hayajafika kiunoni. Serikali ikaleta mahindi ya msaada kwa treni mpaka Same, yale ya njano ambayo watu waliyabatiza jina la yanga. Kutoka stesheni yalipaswa kupandishwa milimani kwenye vituo vinne, na cha mwisho, cha mbali kuliko vyote, kilikuwa Mteke. Mkandarasi wa kwanza alipewa kazi hiyo, akaiharibu. Juu ya magunia alipakia abiria wa kulipa. Abiria hao wakatoboa magunia njiani, na kituoni yakapungua sita. Akaitwa kwenye mkutano wa hadhara uwanjani Same, jina lake likasomwa, akaitwa mnyonyaji, na ufunguo wa gari ukachukuliwa mkononi mwake mbele ya watoto wake. Baba alikuwepo. Aliporudi nyumbani hakula. Alisema tu, "Yule bwana alilia, Mama Rahabu. Mtu mzima, analia kama mtoto."

Mwezi wa Septemba zabuni ikatangazwa upya. Safari hii baba hakukosea kitu. Karatasi zake zilikuwa kamili, bei yake haikuwa ndogo kupita kiasi wala kubwa, na kwa kila kituo alikuwa ameeleza siku ngapi, lita ngapi, na mvua ikinyesha atapita wapi. Lukasi alituambia baadaye kwamba mwenyekiti wa kamati alisoma maelezo yale mara mbili na kusema, "Huyu mtu anaijua njia."

Mkataba ulikuwa wa kurasa sita, umepigwa chapa kwa Kiingereza. Baba aliuleta nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, amenawa mikono kabla ya kuushika. Mama akausoma mezani, anatafsiri mstari kwa mstari. Idadi ya magunia kila safari, themanini. Siku za kupeleka. Sahihi ya katibu wa kijiji kwenye kila hati. Adhabu ya kuchelewa. Na ukurasa wa nne: gari lisibebe abiria wala mzigo mwingine wowote, kwenda wala kurudi, na atakayevunja sharti hili atanyang'anywa kazi.

"Kwenda wala kurudi," baba akarudia.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi?"

"Basi," mama akasema, akazikunja karatasi.

Baba akaenda kutia sahihi. Na lazima niseme kazi aliifanya vizuri, maana hilo nalo ni kweli. Magunia aliyahesabu mara tatu: stesheni, Mwembe, na kituoni. Gunia lililochanika alilishona mwenyewe, sindano ya magunia ilikuwa ikikaa kwenye kofia yake. Daraja la magogo lilipozama, aliandika barua siku ileile, akaipeleka boma kabla hawajamwuliza, na kesho yake akawaomba watu wa vijiji viwili wafanye msaragambo, kazi ya pamoja, kulitengeneza. Hakuna gunia lililopungua. Ila njiani hakumchukua mtu yeyote. Mchungaji alimsimamisha, akakataa. Mke wa mwalimu alimsimamisha na kikapu cha mayai, akakataa. Babu yangu mzaa mama alimsimamisha na fimbo yake, kwenye jua la saa saba, na baba aliteremka, akamwamkia shikamoo kwa kuinama, akamwomba radhi, akapanda gari, akaondoka. Babu hakuzungumza naye mwezi mzima.

"Si mimi," baba alikuwa akisema. "Ni mkataba."

Sasa nitasimulia siku yenyewe. Sikuwepo. Nimesimuliwa na Ernest, nimesimuliwa na mjomba Eliufoo, kwani ndivyo tulivyozoea kumwita, na wote wawili walisimulia yaleyale.

Ilikuwa Alhamisi mwezi wa Novemba. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na wasiojua hudhani mvua ikinyesha njaa imekwisha. Njaa huuma zaidi wakati huo, kwa kuwa mbegu imeingia ardhini na ghala halina kitu. Mteke hawakuwa wamepata mahindi kwa siku kumi na moja. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye hati yao, na lori lilikuwa na magunia themanini.

Shangazi Dorkas alikuwa na mimba ya tano. Ilikuja akiwa na miaka arobaini na moja, wakati kitindamimba wake ana miaka kumi, na yeye mwenyewe aliona haya kuitaja. Uchungu ulimwanza Jumatano mchana. Alhamisi asubuhi mkunga akatoka nje, akamwambia Eliufoo kwamba mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Same. Kwa kawaida wanaume wanane wangebeba machela kwa zamu. Lakini wengi walikuwa wameshuka nyika kutafuta vibarua, na waliobaki hawakuwa na nguvu miguuni. Ndipo wakasikia lori linapanda. Eliufoo akakimbia hadi barabarani, akasimama katikati na mikono juu.

Baba akafunga breki.

"Shemeji," Eliufoo akasema, "geuza gari. Dada yako anazaa, imeshindikana."

Pale Ivuga palikuwa na nafasi ya kugeuzia, uwanja wa kanisa. Baba aliteremka akaenda mbio mpaka nyumbani kwa Eliufoo. Dorkas alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, apate hewa, jasho limemlowesha. Alipomwona mdogo wake alitabasamu.

"Umekuja na nini?" akamwuliza.

"Na mahindi ya Mteke, dada."

"Mteke wanakula nini sasa?"

"Mboga za porini. Wiki iliyopita wamezika watoto wawili."

Eliufoo akamkata: "Anaeli, hayo baadaye. Geuza gari."

Baba akasema, "Shemeji, nikigeuza na mzigo, nimevunja mkataba mara mbili. Nimechelewesha na nimebeba mtu. Kesho wataninyang'anya ufunguo, na Mteke hawatapata lori lingine mpaka mwezi ujao. Nipe muda wa saa nne. Nashusha mzigo, narudi na gari tupu, hapo nitavunja sharti moja, nalo nitalitetea mwenyewe."

"Saa nne!"

Ernest alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alisema, kwa sauti ndogo, "Anaeli, tushushe magunia hapa hapa kanisani, tumteremshe dada." Baba alimtazama, na Ernest anasema alimwona akilifikiria hilo, midomo yake inatembea kama mtu anayehesabu. Nani atayalinda magunia themanini katikati ya kijiji chenye njaa? Yakipungua sita tu, uwanja wa Same ni uleule.

Aliyeamua ni Dorkas. "Nenda, mdogo wangu," akasema. "Hawa wanne wote walinichukua siku mbili mbili. Mimi najijua. Kashushe chakula cha watu, uje unichukue."

Baba akamshika mkono. Akamfuta jasho kwa kofia yake, ile yenye sindano, akiwa ameigeuza ndani nje isimchome. Kisha akaenda.

Walipofika kona ya juu ya Ivuga mvua ikaanza. Kijito alichokiandika kwenye daftari kwamba hakipitiki baada ya mvua ya saa mbili, kilifunga baada ya nusu saa. Walisimama wakisubiri maji yapungue. Ernest anasema baba alisimama ndani ya maji mpaka mapajani, anayapima kwa fimbo, anarudi, anayapima tena. Walipovuka, wakafika Mteke saa nane mchana. Watu walikuwa wamejipanga na makapu, na walipoliona gari wanawake walipiga vigelegele. Baba alibeba magunia yeye mwenyewe pamoja na Ernest na wanaume wa pale, mbio. Katibu alipotaka kuyahesabu mara ya pili kama desturi, baba alimwomba atie sahihi upesi, na katibu akashangaa, kwa kuwa ndiye baba mwenyewe aliyemfundisha kuhesabu mara mbili.

Aliteremka na gari tupu kwa mwendo uliomfanya Ernest, aliyezoea magari miaka ishirini, asali. Ivuga hawakusimama, kwa sababu mlango wa Eliufoo ulikuwa wazi na mkeka haupo. Mwanamke mmoja barabarani aliwaonyesha chini kwa mkono. Eliufoo alikuwa amengoja mpaka saa saba, akachoka kungoja. Akakusanya wanaume wanne, wote alioweza kuwapata, wakamweka Dorkas kwenye machela na kuanza kuteremka kwenye matope.

Waliwakuta saa kumi na moja jioni, juu kidogo ya Mwembe. Machela ilikuwa imewekwa chini kando ya barabara, juu ya nyasi. Wale wanaume wanne walikuwa wamekaa, na Eliufoo amekaa. Lori lilisimama, na hakuna aliyeinuka. Hapo baba akajua.

Mtoto hakutoka. Walizikwa pamoja.

Baba aliwapandisha wote kwenye lori, akarudi Ivuga na maiti ya dada yake nyuma, Eliufoo ameishika isirukeruke. Jumapili, baada ya kuzika, alivaa koti lake, na Jumatatu asubuhi akawa kwenye mlango wa Lukasi. Akaweka ufunguo wa lori mezani.

"Nimevunja sharti la ukurasa wa nne," akasema. "Nimebeba watu sita kurudi. Mmoja maiti. Nichukulieni kazi, na kama ni mkutano uwanjani, niko tayari."

Lukasi alimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, karani yule alivua miwani yake, akaiweka chini. Kisha akatoa nakala ya mkataba kwenye kabati, akafungua ukurasa wa tano.

"Ndugu Anaeli," akasema, "hukusomewa hapa?"

Akamsomea kwa Kiswahili, polepole. Ilisema kwamba ikitokea ajali, mafuriko, au mgonjwa aliye hatarini, mkandarasi ataruhusiwa kutumia busara yake, kuchelewesha mzigo au kubeba mtu, mradi atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku saba, na hatahesabiwa kosa.

Baba alimwomba asome tena. Lukasi akasoma tena. Baba akachukua ufunguo wake, akashukuru, akatoka. Lukasi ndiye aliyetuambia kwamba alimfuata nje akamkuta amesimama mbele ya ule ubao wa matangazo, ameweka kiganja juu ya karatasi zilizobandikwa, kana kwamba anauzuia ubao usianguke.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa jikoni alipoingia. Hakupaza sauti, sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa mama.

"Mama Rahabu. Ukurasa wa tano ulisema nini?"

Mama alikuwa anakoroga uji. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Nilisoma mpaka wa nne," akasema. "Wa tano na wa sita maneno yalikuwa marefu, sikuyajua. Nilisoma juujuu, nikaona kama ni maneno ya sheria tu." Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Niliona aibu, Baba Rahabu. Ulikuwa unanitazama kama mtu anayejua kila kitu."

Baba akavuta kigoda, akakaa. Uji ukaanza kuungua, na hakuna aliyeuondoa motoni mpaka nilipouondoa mimi. Baadaye akasema, "Lukasi alikuwepo siku zote. Ningeweza kumwuliza. Sikuuliza." Nafikiri alitaka kumpunguzia mama mzigo. Haukupungua. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakukubali tena kumsomea mtu yeyote karatasi, hata barua ya mtoto aliyeko shule ya bweni.

Kazi ilikuwa imebaki miezi minne, na baba akaimaliza yote. Kila wiki mara mbili alipita Ivuga, mbele ya kaburi lililokuwa bado halijaota majani. Tangu siku ile alibeba kila mgonjwa aliyesimama barabarani, akaandika taarifa, akaipeleka boma. Alibeba hadi mwenye kuumwa jino. Lukasi alizipokea taarifa zote, akazipiga muhuri. Mwezi wa Machi mahindi mapya yalipokomaa wilayani, baba alipewa barua ya shukrani yenye saini ya mkurugenzi, ikisema kwamba hakuna gunia hata moja lililopotea kwenye mikono yake. Walimwomba aombe zabuni ya mbolea. Hakuomba. Mwaka uliofuata akaliuza lori kwa kijiji kimoja cha ujamaa, naye akarudi mlimani kulima tangawizi. Ernest alikwenda pamoja na lori, akawa utingo wa kijiji, mpaka macho yalipomwisha.

Wenzake waliokuwa na magari, na baadaye vikundi vya vijana waliotaka kazi za serikali, walikuja kumwuliza alivyofanya. Aliwaeleza kila kitu, na daftari lake la mraba aliwapa wanakili. Kama mkataba ulikuwa wa Kiingereza, aliwakataza kuutia sahihi mpaka waende kwa watu wawili tofauti, kila mmoja awasomee peke yake kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kwa nini wawili, waliuliza. Hakuwaambia.

Mjomba Eliufoo hakumlaumu. Kwenye msiba alimkumbatia. Ila taratibu aliacha kuja kwetu, na baba aliacha kwenda kwake, na mwaka sabini na sita Eliufoo alichukua watoto wake wanne akahamia kijiji kipya karibu na Ziwa Jipe, mbali na mlima. Miaka miwili ilipita. Siku moja baba aliniambia nijiandae, twende tukamwone shemeji yake. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alivaa lile koti. Njia nzima alikuwa akitembeza midomo, na nilijua anapanga maneno.

Eliufoo alitupokea vizuri. Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi wa jua, mikono inanuka samaki. Binti yake mkubwa akatupikia perege na ugali, tukala. Wakazungumza habari za mbu, habari za mpunga, habari za viboko wanaokula mashamba. Mara baba akaweka kikombe chini.

"Shemeji, ile siku ya Mteke..."

"Maji ya ziwa yamerudi nyuma sana mwaka huu," Eliufoo akasema. Alisema kwa upole, akitazama kwenye matete. "Ukija mwaka kesho hutayaona kutoka hapa."

Baba akangoja. Eliufoo akamwongezea chai. Wakaendelea na mbu na mpunga mpaka jua lilipopungua ukali. Tulipoondoka, Eliufoo alitusindikiza hadi njia kuu, akanipa samaki watatu waliokaushwa nimpelekee mama, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akarudi.

Tulishika njia ya kurudi. Nilidhani baba amefarijika.

"Umemsikia?" akaniuliza baada ya muda. "Hakuniambia neno baya hata moja."

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hii," akasema. "Hata moja." Akachukua wale samaki mkononi mwangu, akawabeba yeye, tukaendelea na safari.